Ijumaa Kuu na Karume Day zikigongana: mfanyakazi anadai siku ngapi?

Msomaji wa Tanga anauliza: "Habari za kazi, mwanasheria. Nafanya kazi kwa zamu kiwandani. Tarehe 7 Aprili 2023 Ijumaa Kuu na Karume Day ziliangukia siku moja. Tuliokuwa zamu ya mchana tulilipwa mara mbili, kama sikukuu nyingine yoyote. Tulidai tulipwe mara nne kwa kuwa sikukuu zilikuwa mbili, la sivyo tupewe siku nyingine ya kupumzika. Afisa utumishi alikataa yote mawili. Shemeji yangu yuko Mombasa, anasema kwao sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu hawaendi kazini wala hawaombi ruhusa kwa mtu. Sheria yetu inasemaje? Na kwa nini sisi hatuna utaratibu kama wa Kenya?"

Ndugu yangu, nianze na pesa, maana najua ndiyo iliyowakera. Kwenye malipo, afisa utumishi wenu alikuwa sahihi. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu, mwajiri amlipe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi siku hiyo. Angalia sheria inahesabu nini: inahesabu saa ulizofanya kazi ndani ya siku. Haiulizi siku hiyo imebeba kumbukumbu ngapi. Tuseme mshahara wako wa msingi kwa saa ni shilingi 1,000 na ulifanya saa 8. Malipo ya saa hizo ni shilingi 16,000. Hayawi 32,000 kwa sababu asubuhi ile ilikuwa Ijumaa Kuu na pia kumbukumbu ya Mzee Karume. Hata kama ingekuwa sikukuu tatu kwa mkupuo, hesabu ingebaki ile ile.

Dai la siku nyingine ya kupumzika ni jambo tofauti, na hapo mlikuwa na hoja ya haki ingawa hamkuwa na kifungu cha kuisimamisha. Sikukuu zetu zimeorodheshwa kwenye Jedwali la Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 35. Ukizihesabu kama zinavyoadhimishwa, kuanzia Mwaka Mpya hadi siku ya pili ya Krismasi, na Idd el-Fitri ukiipa siku mbili, unapata siku 17. Utaratibu tunaoufuata ni kwamba sikukuu ikiangukia Jumapili, imeishia hapo, na zikigongana mbili, mnapumzika siku moja. Mwaka 2023 siku 17 zilikuwa 16 kwa sababu ya mgongano huo peke yake, na hakuna aliyelazimika kutoa maelezo.

Rais anaweza kutangaza siku nyingine kuwa ya mapumziko. Rais Samia alifanya hivyo kwa siku ya Sensa, tarehe 23 Agosti 2022. Kwa hiyo mlango upo. Ila ni mlango unaofunguliwa na mwenye ufunguo anapoona inafaa, na wewe mfanyakazi wa zamu huwezi kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai kwamba Rais alipaswa kutangaza siku ambayo hakuitangaza.

Sasa tuje kwa shemeji yako. Anachosema ni kweli, lakini kinajibu swali lingine. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Sikukuu za Umma ya Kenya, Sura ya 110, kinahusu sikukuu iliyoangukia Jumapili. Kinasema siku ya kwanza inayofuata ambayo si sikukuu itakuwa sikukuu. Hakisemi lolote kuhusu sikukuu mbili zilizoangukia, kwa mfano, Jumatano moja. Wakenya nao hapo hawana kifungu cha kushika.

Kwa nini basi hawalalamiki kama nyinyi? Fungua kalenda yao uone. Pasaka inatembea kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Hiyo ina maana Ijumaa Kuu haiwezi kuja kabla ya 20 Machi, na Jumatatu ya Pasaka haiwezi kuvuka 26 Aprili. Kenya, ukitoa Mwaka Mpya, haina sikukuu yoyote ya tarehe maalumu mpaka Mei Mosi. Pasaka yao inapita kwenye uwanja mtupu na haiwezi kugonga kitu isipokuwa Idd. Sisi ndani ya dirisha hilo hilo tuna sikukuu mbili za tarehe maalumu: 7 Aprili, kumbukumbu ya Karume, na 26 Aprili, Siku ya Muungano. Tatizo lenu lilipandwa siku tarehe hizo mbili zilipoingia kwenye orodha, na litaendelea kurudi.

Wala halirudi mara moja kwa karne. Ijumaa Kuu itaangukia tena 7 Aprili mwaka 2034. Mwaka 2038 Pasaka itakuwa 25 Aprili, tarehe ya mwisho kabisa inayowezekana, na Jumatatu yake itakuwa 26 Aprili, Siku ya Muungano. Mara ya mwisho Pasaka kufika 25 Aprili ilikuwa 1943, wakati Muungano wenyewe haujafikiriwa, kwa hiyo mgongano huo hatujawahi kuuona. Mwaka 2042 Jumatatu ya Pasaka itakuwa 7 Aprili. Mwaka 2045 ni Ijumaa Kuu tena, tarehe hiyo hiyo. Migongano minne ndani ya miaka 12, na hapo sijagusa Idd hata kidogo.

Lakini usikidharau kifungu cha Kenya kwa sababu hakigusi swali lako. Kuna maneno matatu ndani yake ambayo mwandishi wa sheria yeyote anapaswa kuyasoma kwa makini: "ambayo si sikukuu". Thamani yake inaonekana kwenye Krismasi ya mwaka 2022.

Mwaka ule 25 Desemba ilikuwa Jumapili. Jumatatu 26 tayari ilikuwa sikukuu kwa jina lake yenyewe. Kenya ikasoma kifungu chake: siku ya kwanza inayofuata ambayo si sikukuu. Jumatatu haifai kwa kuwa ni sikukuu tayari, kwa hiyo fidia ya Krismasi inasogea hadi Jumanne 27. Hakuna siku iliyopotea, na aliyetaka kujua aliweza kuipiga hesabu hiyo hata miaka mitano kabla.

Afrika Kusini nayo ina sheria ya kuhamisha sikukuu ya Jumapili. Sheria yao, namba 36 ya mwaka 1994, inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu inayofuata itakuwa sikukuu. Wameishia hapo. Hawakuweka "ambayo si sikukuu". Krismasi ile ile ya 2022, Jumatatu yao ilikuwa sikukuu yao ya tarehe 26 Desemba, kwa hiyo fidia ya Krismasi ikaangukia juu ya sikukuu nyingine na kumezwa. Ilibidi Rais Cyril Ramaphosa aitangaze Jumanne 27 Desemba kuwa sikukuu. Mwaka 2016 ilikuwa hivyo hivyo, na mwaka 2011 pia: Krismasi Jumapili, tamko la Rais, Jumanne ya mapumziko. Wafanyakazi wa nchi zote mbili walipumzika Jumanne moja ya Desemba 2022, ila wa Nairobi walipewa na sheria na wa Johannesburg walipewa na Rais. Sisi Jumanne ile tulikuwa kazini.

Afrika Kusini ndiyo inayofanana nasi zaidi, kwa sababu nao wana sikukuu ya tarehe maalumu ndani ya dirisha la Pasaka: 21 Machi, Siku ya Haki za Binadamu, ambayo chimbuko lake ni mauaji ya Sharpeville ya mwaka 1960. Mwaka 2008 Pasaka iliwahi sana, ikawa 23 Machi, na Ijumaa Kuu ikatua juu ya 21 Machi. Sheria yao ilikuwa kimya kama yetu. Serikali ya Rais Thabo Mbeki ikatangaza Ijumaa ya tarehe 2 Mei 2008 kuwa siku ya mapumziko badala ya ile iliyomezwa. Kwa kuwa Mei Mosi ilikuwa Alhamisi, watu wakapata siku nne mfululizo. Kwao mgongano huo wa Ijumaa Kuu na 21 Machi hautarudi hadi mwaka 2160, na bado waliuona unastahili tamko. Wetu unarudi 2034.

Kuna watu nimewasikia wakipinga fidia ya namna hii kwa hoja ya heshima. Wanauliza: mtaihamishaje Ijumaa Kuu? Mtaihamishaje siku aliyouawa Karume? Hoja hiyo inastahili jibu. Tarehe 7 Aprili 2023 ilikuwa pia Ijumaa ndani ya Ramadhani. Siku hiyo moja ilikuwa na Wakristo waliofunga na kwenda kwenye ibada ya mateso, Waislamu waliokuwa na swaumu na sala ya Ijumaa, na taifa lenye kumbukumbu ya kiongozi ambaye kila mwaka husomewa dua Kisiwandui alikozikwa. Hakuna sheria inayoweza kusogeza hata kimoja katika hivyo, na hakuna anayeomba hilo. Fidia haigusi kumbukumbu. Ibada inabaki siku yake na dua inabaki siku yake. Kinachosogezwa ni mapumziko ya mfanyakazi tu, yale ambayo Jedwali liliahidi mara mbili yakatolewa mara moja.

Hoja ya pili ya wapinzani ni nzito zaidi, nayo ni gharama. Mwajiri atasema: siku 17 ni nyingi, mgongano mmoja unanirudishia siku ya uzalishaji, kwa nini niilipie? Naielewa, na siwezi kumwambia mwenye kiwanda kwamba siku ya kusimamisha mashine haina bei. Lakini kama siku 17 ni nyingi, Bunge likae lipunguze orodha waziwazi. Si haki idadi ya siku za mapumziko ya mfanyakazi ipande na kushuka kwa kufuata mwezi mpevu wa Machi na Aprili. Nasema hivi kwa uzito wote: hata sheria ambayo ingesema wazi "zikigongana hakuna fidia" ingekuwa bora kuliko ukimya tulionao. Mwajiri angepanga, mfanyakazi angejua, na msingebishana na afisa utumishi mlangoni Alhamisi jioni.

Wapo walioshughulikia mgongano wenyewe, si Jumapili tu. Korea Kusini mwaka 2025 Siku ya Watoto na siku ya kuzaliwa Buddha ziliangukia Jumatatu moja, 5 Mei. Sheria yao ya siku mbadala ikatoa Jumanne 6 Mei bila kusubiri mtu aamue. Siku ya Buddha inafuata kalenda ya mwezi na Siku ya Watoto ina tarehe maalumu, yaani ni mgongano wa aina ile ile ya Pasaka na Karume.

Sentensi ambayo ningependa kuiona kwenye Sura ya 35 ni hii: "Endapo sikukuu mbili au zaidi zilizotajwa kwenye Jedwali zitaangukia siku moja, siku ya kazi inayofuata ambayo si sikukuu itakuwa siku ya mapumziko." Ijaribu kwa 2023. Baada ya Ijumaa 7 Aprili inakuja Jumamosi, Jumapili, kisha Jumatatu ya Pasaka, tarehe 10, ambayo ni sikukuu. Fidia inatua Jumanne 11 Aprili. Ijaribu kwa 2038: Muungano na Jumatatu ya Pasaka ziko 26 Aprili, fidia ni Jumanne 27. Inafanya kazi.

Kwenye Idd sentensi hiyo haitoshi. Idd inategemea kuandama kwa mwezi, na mara nyingi tunaithibitisha usiku wa kuamkia siku yenyewe. Mwaka 2016 Idd el-Fitri iliingiliana na Saba Saba, wakati Maonyesho ya Biashara yanaendelea kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa. Ukiwa na kanuni ya "siku inayofuata", mwenye mabasi, hospitali au kiwanda chenye zamu anaambiwa saa tatu usiku kwamba kesho ni sikukuu na keshokutwa pia. Hilo ni gumu kwa kila mtu, pamoja na nesi anayetakiwa kupanga nani atakaa na watoto. Kwa Idd ningependekeza fidia iwe Jumatatu ya wiki inayofuata, ili watu wapate nafasi ya kujipanga. Na tusiahirishe suala hili. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takribani siku 11, kwa hiyo Idd zinarudi nyuma kila mwaka, na Idd el-Hajj inaelekea Aprili. Hesabu za kalenda zinaiweka karibu na 24 Aprili mwaka 2029, siku mbili tu kutoka Muungano. Mwaka 2030 na 2031 itakuwa ndani ya mwezi huo huo, jirani na Pasaka na Karume.

Utaniuliza: mpaka Bunge liamke, mimi nifanye nini? Mengi, na hayahitaji Dodoma.

Kama kiwandani mna chama cha wafanyakazi, angalieni mkataba wenu wa hali bora. Sheria inaweka kiwango cha chini, na nyinyi na mwajiri mnaruhusiwa kukubaliana zaidi ya hapo. Nimeshiriki kuandika kipengele cha namna hii kwenye mkataba wa hali bora wa kiwanda kimoja, na mazungumzo yake yalikuwa mepesi kuliko ya nyongeza ya mshahara, kwa sababu mwajiri alipewa kalenda mkononi na kuoneshwa ni miaka ipi itamgusa. Kipengele kilisema kwamba sikukuu mbili zikigongana, kila mfanyakazi atapewa siku moja ya mapumziko yenye malipo ndani ya siku 30, kwa tarehe itakayopangwa na msimamizi wa zamu ili uzalishaji usisimame. Sehemu ya mwisho ndiyo iliyomfanya meneja asaini. Hakuogopa siku moja ya mtu mmoja mmoja, aliogopa kiwanda kizima kufungwa siku moja.

Kama hamna chama, kipengele kama hicho kinaweza kuingia kwenye mkataba wa ajira au kwenye kanuni za kazi za kampuni. Kidaini mapema, mwezi Januari, wakati ratiba ya mwaka inapangwa. Ukikidai wiki ya Pasaka utaonekana unatafuta likizo.

Angalia pia likizo yako ya mwaka. Sheria yetu inatoa siku 28 mfululizo, na inasema wazi kwamba sikukuu zinazoangukia ndani ya likizo zimo humo humo kwenye hizo 28. Ukichukua likizo inayobeba Karume, Pasaka na Muungano umezitoa sikukuu zote hizo kwa mwajiri. Kwa mwenye uhuru wa kuchagua, Aprili ni mwezi mbaya wa kwenda likizo. Namwambia hivi kila anayeniuliza, na wengi hushangaa kwa sababu walidhani sikukuu huongezwa juu.

Sikukuu zinagusa pia muda wa kisheria. Kwa kanuni za tafsiri ya sheria, siku ya mwisho ya kufanya jambo ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, muda unasogea hadi siku inayofuata isiyo mojawapo ya hizo. Aliyekuwa na siku yake ya mwisho ya kuwasilisha mgogoro tarehe 7 Aprili 2023 alikuwa na hadi Jumanne 11 Aprili. Mgongano hapo haukumwongezea wala kumpunguzia, kwa sababu Ijumaa Kuu peke yake ingetosha. Nalitaja kwa kuwa nimeona watu wakiacha madai wakidhani muda umekwisha, kumbe walikuwa na siku nne zaidi.

Kuhusu dai lenu la 2023, nisikupe matumaini hewa. Migogoro ya malipo inapaswa kufikishwa Tume ndani ya siku 60, na baada ya hapo lazima uombe kuongezewa muda ukiwa na sababu za msingi. Hata mngeongezewa, mngekutana na kifungu cha 25 nilichokieleza pale mwanzo. Nguvu zenu zielekezeni kwenye mkataba wa hali bora unaofuata. Chukueni kalenda, wekeni alama 7 Aprili 2034 na 26 Aprili 2038, ongezeni makadirio ya Idd kwa miaka ya mkataba wenu, kisha mwambieni katibu wa tawi aipeleke mezani kama hoja ya kwanza kabla ya ile ya mshahara, wakati pande zote mbili bado zina subira.